Nguo za Stefano Ziko Isoko

Kasulu, Kigoma
Mwezi wa saba, 2014

Mama yangu,

Shikamoo. Nimeisindikiza shikamoo hii kutoka mbali, ipokee vizuri. Goti lako linaendeleaje? Na baba, kile kikohozi kimemwachia? Uwele umepatikana mwaka huu, au ndege wamevuna kabla yenu? Nawaza pia pale korongoni mnapochimba maji. Kiangazi kama hiki, nilipokuwa mdogo, ulikuwa unaingia shimoni hadi nakiona kilemba chako tu, halafu kata inachomoza juu ikiwa na maji ya rangi ya chai, nami nayapokea kwa mikono miwili. Sijui sasa anayeingia ni nani. Naomba asiwe wewe na goti hilo.

Mimi mwili ni mzima. Vumbi jekundu limetuingia hadi kwenye unga, na asubuhi huku vilimani kuna baridi ya kumfanya mtu anywe uji akiwa amejifunika blanketi. Nakaa bado kile chumba uani kwa Godeliva, yule mama aliyekuja kutoka Burundi akiwa msichana na sasa ni Mtanzania kama wewe na mimi. Nadarizi vitambaa vya makochi na mashuka ya maharusi, nakula, nalala.

Amosi, wewe mdogo wangu unayemsomea mama, soma polepole na usiruke mahali. Nakujua.

Mama, ujumbe wako niliupata ile siku mliyonipigia. Simu ilikuwa imewekwa sauti kubwa. Nilisikia watu wakikohoa nyuma yako, nikajua siongei na mama yangu peke yake. Ndiyo maana nilisema tu nimesikia, nikakata. Nimeona bora niandike, maana barua haikatizwi na mtu.

Mlisema nimezikata nguo za marehemu mume wangu. Mkasema ninaziuza sokoni Kasulu, na kwamba shemeji Mathayo alipokuja nilimcheka usoni. Tena mkasema nifumue nilichoshona, nizilete nguo nyumbani zigawiwe siku ya kumbukumbu kama ilivyo desturi, na mimi mwenyewe nirudi nazo moja kwa moja, kwa kuwa sina mtoto wa kunishika huku.

Kuzikata nimezikata. Kuziuza, hapana. Kucheka nilicheka, ila si kama alivyowasimulia. Na kufumua sifumui, wala kurudi kukaa sirudi. Nimelisema hili mapema ili usiisikilize barua yote ukilisubiri.

Sasa nikueleze ilivyokuwa.

Stefano alipofariki, ile pikipiki ilipoteleza kwenye tope la njia ya Kibondo, unakumbuka mvua zilivyokuwa. Barabara zilikatika, tukamzika hapahapa, na shemeji alifika kaburi limeshaota majani. Hilo hajanisamehe, na mimi sikuinyesha ile mvua. Kabla ya kuondoka alinikabidhi nguo za kaka yake kwa maneno haya: "Shemeji, zitunze. Mwaka ukiisha tutazigawa." Nilizifua zote, nikazipiga pasi, nikazipanga kwenye sanduku la bati.

Nilipohamia kwa Godeliva, sanduku nililiweka pembeni ukutani. Bati la pale juu lina tundu ambalo sikulijua. Mvua za huku si kama za kwetu, Mama, zinazokuja kama mgeni na kuaga. Huku zinahamia na mizigo yao. Siku nilipofungua sanduku nilikuta shati la juu kabisa, lile la bluu hafifu la kuendea kazini, limeota ukungu mgongoni. Nililifua kwa sabuni na ndimu, nikalianika majanini, nikalifua tena. Ukungu ulitoka, alama ikabaki: duara, na nje yake duara kubwa zaidi, na nje yake jingine, hadi kwenye mshono wa bega.

Nilikaa nalo mapajani nikiliangalia. Lilikuwa kama maji ukidondosha kijiwe.

Stefano alikuwa na kawaida hiyo. Akifika kwenye chemchemi ambayo ofisi imemtuma kuijengea, kabla hajashika koleo alidondosha kijiwe, kisha akaweka jani juu ya maji, akachuchumaa kulitazama linaelekea wapi. Nilikwenda naye mara chache, nikiwa na chakula kwenye kikapu. Nilimwambia, "Wenzako wanapima, wewe unacheza." Akaniambia, "Nayauliza yanapenda kupita wapi. Nikiyapitisha yasikotaka yenyewe, mwakani nitarudi kuziba bomba."

Basi nilichukua sindano na uzi mweupe nikashona juu ya ile alama. Bandi ndogondogo, nikiufuata ukingo wa duara jinsi ulivyo, pale uliponyooka na pale ulipopinda. Sikuwa na mpango wowote. Nilitaka tu ile alama isionekane kuwa ni uchafu. Nilipomaliza duara la mwisho niliona kwamba shati hilo hakuna mtu atakayelivaa tena, na moyo wangu haukushtuka. Nikachukua mkasi.

Zile nyingine zilifuata, Mama. Nilitandika kitambaa cha marekani ukubwa wa shuka la kitanda, nikaanza kupanga. Ovaroli yake ya bluu iliyoiva ikawa kina, mahali ambapo mtu haoni chini. Shati la mistari nililikata kwa upande, mistari ikalala na kuwa mawimbi madogo ya maji yanayopita juu ya mawe. Shati jeupe la harusi, lile lililoshonewa Manyoni ukalipiga pasi wewe mwenyewe hadi ukakiunguza kidogo kishikizo kimoja, nimelitoa nyuzi pindoni likawa povu. Suruali za kaki nimeziweka kandokando zikawa udongo, na yale mabaka ya magoti, yaliyochakaa kwa kupiga magoti matopeni, nimeyaweka karibu kabisa na mahali maji yanapotokea. Huko ndiko yalikochakaa. Mfuko wa shati la kazi sikuubandua. Nimeuacha na kinywa chake wazi, na maji yote ya kitambaa kile yanaanzia hapo. Ndani ya mfuko ule alikuwa anaweka futi yake ya chuma na karanga za kukaanga, vyote pamoja, ndiyo maana futi ilikuwa na chumvi sikuzote.

Halafu juu ya vyote nashona. Bandi ndogondogo kutoka mfukoni hadi kwenye pindo la chini, mstari kwa mstari, kama maji yanavyoteremka, wala sipigi kona. Mke wa mwalimu mmoja, mteja wangu wa vitambaa, aliikuta kazi hii mapajani kwangu akaniuliza, "Ni maji hayo? Mbona si ya bluu yote?"

Nikamuuliza, "Wewe maji ya bluu uliyachota wapi?"

"Ah, mama, si maji tu. Watu huchora bluu. Ungeweka na bata wawili na maua, uandike Karibu Wageni, ingependeza."

"Bata wataoga wapi, na mume wangu yumo humo?"

Aliinama akatafuta mkoba wake. Kesho yake alikuja na uzi wa kahawia, kibunda kizima, akauweka mlangoni bila kubisha hodi. Watu wa huku ndivyo walivyo, nawe ungewapenda.

Sasa nije kwa shemeji. Lakini kwanza lazima nikukumbushe ile hadithi ya ndoo, maana pasipo hiyo huwezi kuelewa kicheko.

Tulipohamia Kasulu wiki ya kwanza, bomba la nyumba ya ofisi lilikuwa kavu. Nyumba ya Bwana Maji haina maji, mtaa mzima ulitutania. Nikamuuliza Godeliva, ambaye tulikuwa tumepakana naye ua, maji nitayapata wapi. Akanijibu, "Isoko, mukobwa wanje. Nenda isoko, ndiyo mazuri." Ndivyo anavyoniita hadi leo, msichana wangu. Nikabeba ndoo nikaenda sokoni. Nikapita kwenye mafungu ya maharage, nikapita kwenye mihogo, nauliza maji yanatolewa wapi. Muuza samaki wa migebuka akaniangalia, akaiangalia ndoo, akasema, "Dada, hawa wameshatoka majini. Umechelewa."

Jioni nikamsimulia Stefano. Alikaa kizingitini na mabuti yake ya tope akacheka hadi akashindwa kuyavua, nikamvua mimi. Akanieleza kwamba isoko kwao ni chemchemi, pale maji yanapozaliwa. Na soko la kuuzia vitu nalo ni isoko. Tofauti ni namna wanavyoivuta sauti, na sikio langu la Manyoni lilikuwa halijaipata. Tangu siku hiyo, kila alipokuwa anaondoka kwenda kwenye chemchemi, alisimama mlangoni akasema, "Mama, naenda sokoni. Nikuletee nini?" Nami namjibu, "Niletee maji kilo moja." Hata asubuhi ile ya mwisho alisema hivyo, akashika njia ya Kibondo.

Mathayo alifika mwezi uliopita, amepita Kahama, Kakonko na Kibondo, amechoka, nywele zimekuwa nyekundu kwa vumbi. Nilimpokea vizuri, Mama. Maji ya moto ya kuoga, ugali, maharage ya mawese, akala akashukuru. Kisha akasema, "Shemeji, nimefuata sanduku."

Nikalileta. Akalifungua. Ndani mlikuwa na kipande cha sabuni na vishikizo kwenye kikopo.

"Ziko wapi?"

Nikaingia ndani nikaileta kazi yangu, nikaikunjua kitandani kwa sababu mezani haikutosha. Alisogea, akapitisha kidole kwenye mistari ya lile shati, mstari mmoja, akaufuata hadi ulipoingia chini ya ovaroli. Nakuapia, Mama, uso wake ulikuwa unalegea. Alisema kwa sauti ndogo, "Hili nilikuwa naye alipolinunua." Nilijua kwamba tukiachwa hivyo muda kidogo tu tungeelewana.

Godeliva akaingia. Alikuwa ametoka shamba, jembe begani, na furaha yake yote. "Mwidiwe," akatusalimu, akaona kazi imekunjuliwa, akaweka jembe chini. "Umeiona, baba? Hiyo ni isoko. Na Jumapili tunaipeleka isoko."

Mathayo akageuka. "Mnaipeleka wapi?"

"Isoko. Watu wote wanajua. Watakuja wengi sana."

"Nguo za ndugu yangu mnapeleka sokoni?"

"Ee, isoko," Godeliva akasema, anatabasamu, anadhani amepata mtu wa kufurahi naye. "Wanataka kuzishika kwa mikono. Mimi nimewaambia, waje mapema, kabla jua halijawa kali."

Hapo ndipo nilipocheka.

Kilinitoka tumboni. Niliiona ndoo, nikamwona muuza migebuka, nikamwona Stefano na mabuti yake kizingitini. Sikuwa nimecheka tangu tumzike. Nilishika nguzo ya kitanda, machozi yananitoka, nataka kumweleza shemeji na neno halitoki, kila nikifungua mdomo linakuja "niletee maji kilo moja". Godeliva naye, kwa kuniona nacheka, akaanza kucheka bila kujua sababu. Basi fikiria mtu amesafiri nchi nzima kufuata nguo za kaka yake, anawakuta wanawake wawili wanacheka juu ya vipande vyake.

Alisema, "Nilidhani umefiwa. Kumbe umepata mtaji."

Nikanyamaza palepale. Nikamwambia, "Shemeji, kaa nikueleze. Isoko ni chemchemi."

"Soko ni soko," akasema. "Mimi si mtoto."

Alilala nyumba ya wageni, alfajiri akapanda basi. Nilikwenda stendi kumtafuta, akapandisha kioo. Aliyowaambia kijijini, aliyaambia akiamini ni kweli, na kwa hilo simwiti mwongo. Lakini kwa kile kicheko sitaomba radhi, Mama. Kilikuwa cha Stefano zaidi kuliko changu, na nilikingoja mwaka mzima.

Jumapili tuliipeleka. Ni chemchemi iliyoko bondeni nyuma ya shamba la Godeliva, ya kwanza ambayo Stefano aliijengea alipoanza kazi huku, na watu wa vilima vyote viwili wanachota hapo. Tuliitandaza juu ya majani makavu. Wanawake walifika na madumu yao, wengine wametoka kanisani na viatu mkononi, na mama mmoja Mwislamu, nesi, alikuja na watoto wake wote. Nilikuwa naogopa kwamba wataniona nimerukwa na akili. Bibi mmoja aliyezoea kunyamaza aliinama, akagusa lile baka la goti. Akasema Kiha, Godeliva akanigeuzia: "Anasema suruali hii anaijua. Ilipiga magoti hapo kwenye jiwe, yeye akaicheka kwa tope." Yule bibi akatumbukiza mkono mfukoni, ule mfuko ambako maji yanaanzia, akautoa mtupu, akanusa vidole. Wengine wakafanya vilevile, mmoja mmoja. Hakuna aliyewaambia.

Wakaniomba iwekwe kanisani. Nikakataa. Mwingine akasema kuna wazungu wa mashirika wananunua kazi za mikono, atanipeleka. Nikakataa na hilo. Kwa hiyo usidhani nimewakatalia ninyi peke yenu.

Sasa sikiliza jibu langu, na Amosi alisome kama nilivyoliandika.

Sifumui. Nimepiga bandi zile karibukaribu sana. Ukizitoa, nguo zinabaki matundu, na hakuna atakayezivaa. Lakini hata kama zingefumuka zikawa mpya kama zilivyotoka kwa fundi, nisingefumua. Mlitaka kuzigawa ili kila mmoja abaki na kitu chake cha Stefano. Najua ni desturi, na ni desturi nzuri. Ovaroli ingekwenda kwa binamu, ingechakaa kwenye kiuno chake. Shati la mistari lingefika kwa mtu, naye angempa mtu. Baada ya miaka michache ningekutana na mgongo wa mume wangu kwenye mnada, ndani yake kuna mtu nisiyemjua. Mimi sikupewa mtoto wa kuniletea sura yake mlangoni. Hizi nguo ndizo nilizobaki nazo, na sasa ziko pamoja, haziendi popote ila chini, kama maji.

Na kurudi kukaa, pia hapana. Mnasema huku sina mtu. Huku nina kaburi, nina Godeliva, nina kazi ya mikono yangu, na kila ninapoteka maji nateka mahali alipopiga magoti. Huko kwetu nawapenda, lakini nikirudi nitakuwa mjane wa Stefano anayekaa jikoni kwa mama yake, na kila mtu atanionea huruma hadi nizeeke. Huku watu wananiita Mama Maji, nami naitika.

Siku ya kumbukumbu nitakuja, kabla mvua hazijaanza. Nitakuja na kazi yangu, nitaitandaza uani kwa wakwe zangu, juu ya mkeka, kila mmoja aione. Anayetaka kugomba agombe siku hiyo, nikiwa nimesimama mbele yake. Kisha nitaikunja, nitaibeba kichwani hadi stendi, na nitarudi nayo Kasulu.

Nisalimie baba, mwambie tumbaku ya huku ni kali kuliko ya kwetu, nitamletea kidogo. Nisalimie bibi mzaa baba, nimemwekea asali. Nisalimie wifi yangu na watoto wake, na jirani yetu mchunga mbuzi. Kwa shemeji Mathayo, fikisha salamu za heshima. Mweleze hadithi ya ndoo taratibu, akiwa ameshiba. Lile shati la mistari alilonunua na kaka yake nimelishona mahali linapoonekana kwanza, na pale alipopitisha kidole nimeongeza uzi ili mtu apajue.

Na mama mkwe wangu, mama wa Stefano, nenda kwake wewe mwenyewe, usimtume mtu. Mwambie mfuko nimeuacha wazi kwa ajili ya mkono wake.

Godeliva anakusalimu. Anasema amekosa nini, yeye amesema kweli tupu.

Wakikuuliza tena kisimani nguo za marehemu ziko wapi, Mama, wajibu kwamba ziko isoko. Usiwatafsirie.

Ni mimi mwanao,
Yunisi